Rangi ya Nne

Jumanne, 12 Machi

Daftari hili nimepewa na ofisi ya serikali ya mtaa liwe la mahudhurio ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Waliohudhuria leo ni kumi na mmoja. Wote ni madereva wa bodaboda wa kijiwe cha njiapanda, isipokuwa Recho muuza chapati, anayesema watu hugongwa mbele ya jiko lake kila mwezi na yeye amechoka kupiga mayowe tu. Kurasa zilizobaki ni nyingi. Nitaandika humo ninavyotaka, maana mwenyekiti wa mtaa hasomi daftari lolote; anapenda tu kuliona limekaa mezani na jalada la nailoni.

Mwalimu ni mimi, Tupokigwe, sajenti mstaafu, muuguzi wa jeshi kwa miaka ishirini na moja. Nilizaliwa Tukuyu, kwenye baridi ya heshima. Sasa naishi Bunju, ambako hata mvua ina joto.

Somo la kwanza lilikuwa hili: mtu akianguka, usimwinue. Wakacheka. Hapa kwetu mtu akigongwa, watu kumi humrukia. Huyu kashika kwapa, yule mguu, mwingine anammiminia maji mdomoni kama anamwagilia mchicha, kisha wanamkalisha kwenye bajaji na kumpitisha polisi kwanza ili aandikiwe fomu ya PF3.

"Sasa afande, bila PF3 si watatutoa nduki hospitali?" akauliza Fakihi, mkubwa wa kijiwe. Huyu hajanyamaza tangu azaliwe. Nadhani hata mkunga alimwomba apumzike.

"Pumzi kwanza, karatasi baadaye."

"Hiyo naiandika kwenye madigadi," akasema, na kweli akaitoa simu akairekodi.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Hakuna aliyekuja. Sipendi mvua juu ya mabati.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya misa ya kwanza, Mama Demetria aliniletea kisamvu cha nazi na korosho za kwao Masasi. Ni fundi cherehani, kibaraza chake kinatazamana na kijiwe. Mtaa mzima unamwita Mama Gaspar, na ni mimi peke yangu nimwitaye kwa jina lake la ubatizo. Anadhani ni adabu za watu wa Mbeya. Ukweli ni kwamba jina la Gaspar halipiti kooni mwangu.

Gaspar alikuwa koplo wetu kwenye misheni ya kulinda amani Kongo. Mimi mahali pale napaita kule, basi. Alikufa kule miaka tisa iliyopita, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioleta jeneza. Mama yake alinishika mikono yote miwili mbele ya ukoo wake na kuuliza, "Aliteseka?" Nikajibu, "Hapana mama. Alikufa papo hapo." Tangu siku ile mimi ni mwanawe. Nilipostaafu ndiye aliyenitafutia kiwanja hiki, akasimama na mafundi tangu msingi hadi kenchi za paa, akiwafokea kana kwamba nyumba ni yake.

Kisamvu chake ni kitamu, na huwa nakimaliza. Kila tonge linanisuta.

"Nasikia unafundisha vijana," akaniambia leo. "Na mie nitakuja."

"Mama, ni mambo ya damu na mifupa, utachoka bure."

"Nataka kujua ulivyomhangaikia mwanangu."

Jumanne, 19 Machi

Alikuja na kigoda chake, miwani puani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nilikuwa nimepanga kufundisha kufunga mifupa. Nikaona aibu kubadilisha ratiba kwa sababu ya mtu mmoja, kisha nikaibadilisha. Nikafundisha rangi, nikidhani rangi ni salama zaidi.

Basi likipinduka, nikawaambia, wewe ni mmoja na walioumia ni kumi. Huwezi kuwatibu wote kwa pamoja, lakini unaweza kuwapanga. Simama, paza sauti: anayeweza kutembea aje huku. Hao ni kijani. Aliyeumia lakini anaweza kungoja ni njano. Anayekufa usipofanya kitu sasa hivi ni nyekundu. Mfunge kitambaa cha rangi yake mkononi, ili msaidizi anayekuja nyuma yako asianze upya.

"Na nianze na nani?" akauliza Recho.

"Anayelia ana pumzi. Mwache alie. Anza kwa aliyenyamaza."

Niliwakaririsha mara tatu, mpaka wakaimba kama chekechea: anayelia ana pumzi, anza kwa aliyenyamaza. Mama Demetria aliimba nao. Kisha akasema atatukatia vitambaa kutoka kwenye mabaki yake ya kushonea.

"Rangi ni tatu tu?"

"Tatu tu, mama."

Alhamisi, 21 Machi

Kukandamiza jeraha linalovuja damu. Fakihi aliigiza kufa, akafa akiongea.

Jumanne, 26 Machi

Vitambaa vimekuja. Amevikunja pindo pande zote, kila kimoja, kana kwamba majeruhi wetu watakwenda navyo harusini. Kijani, njano, nyekundu, ndani ya mkebe wa biskuti.

Recho alikuwa amechungulia kwenye simu. "Afande, mbona huku wanasema kuna na nyeusi? Ya marehemu na wale wasiookoleka."

"Sisi hatuna vita hapa. Hatuihitaji."

"Lakini watu wanakufa hapa barabarani, si—"

"Recho. Nimesema hatuihitaji."

Nilifoka kwa sauti ya gwaride. Wakatazama chini. Mama Demetria hakutazama chini. Alinitazama juu ya miwani, vile anavyotazama mshono uliokwenda upande.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Revelian alipiga simu kutoka Muleba, kama kila Pasaka. "Afande, bila wewe nisingekuwepo." Binti yake wa mwisho amemwita Tupokigwe, eti Wahaya wenzake wanashindwa kulitamka. Tulicheka. Nikamwambia amsalimie mtoto.

Revelian alikuwa na jeraha la paja. Nyama tu. Angeweza kungoja saa nzima. Sijawahi kumwambia, na sijui nitamwambiaje mtu kwamba shukrani zake za miaka tisa zimekosea mlango.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mtaro wa barabarani umejaa hadi ukingoni. Hakuna somo.

Alhamisi, 4 Aprili

Somo la pumzi. Nililiahirisha mara mbili, leo sikuwa na sababu.

Nilitandika mkeka kwenye baraza ya ofisi ya mtaa, Isack akalala chali. Isack ni dereva mpole mwenye mwili mkubwa, akilala anaenea mkeka mzima. Nikaonyesha. Piga goti. Mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya kidevu, kichwa kirudi nyuma taratibu. Aliyezimia ulimi wake huanguka nyuma ukaziba njia ya hewa, na mtu anaweza kufa hivyo hivyo, si kwa jeraha, kwa ulimi wake mwenyewe. Sikio mdomoni pake, macho kifuani, hesabu mpaka kumi. Usitosheke na kumtazama ukiwa umesimama.

Mama Demetria akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Afande, mtu akifa papo hapo, mnajuaje kuwa kafa?"

Waliofunga Ramadhani walikuwa wakipiga miayo, miayo ikakatika.

"Hivi hivi, mama. Unapiga goti, unainua kidevu, unasikiliza."

"Na Gaspar ulimfanyia hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akaandika kitu kwenye kidaftari chake cha vipimo vya nguo. Nilimaliza somo, nikawaaga kabla ya saa.

Sasa nitauandika ukweli hapa, maana kama siuandiki leo nitaozea nao.

Kule ilikuwa asubuhi na mvua inanyesha. Watu walikuwa wamepanga foleni ya chai. Makombora mawili yaliangukia upande wa jikoni. Walioumia walikuwa tisa, na mwenzangu wa huduma ya kwanza alikuwa mmoja wao, kwa hiyo mwenye mkoba nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na kadi za rangi za karatasi zilizolowa zikawa uji, nikatumia akiba yangu ya vitambaa.

Gaspar alikuwa chali karibu na sufuria, kichwa kimejaa damu, mdomo wazi. Sikupiga goti. Niliinama, nikamgusa shingo kwa glavu iliyolowa, sikusikia kitu. Sikuinua kidevu chake. Mimi, niliyewafundisha makuruta mpaka wakaota habari za kidevu. Upande wa pili Revelian alikuwa akipiga kelele, "Tupo! Tupo! Nakufa, dada!" na zile kelele zilinivuta kama kamba. Nikafunga kitambaa cheusi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Gaspar, mafundo mawili, nikakimbilia kwa anayelia.

Zilipita dakika arobaini. Tulipokwenda na machela kuchukua maiti, kitambaa hakikuwa mkono wa kushoto. Kilikuwa ndani ya ngumi ya mkono wa kulia. Nilimshika shavu. Lilikuwa bado na joto.

Labda angekufa hata hivyo, maana jeraha la kichwa lilikuwa baya. Neno hilo, labda, limehamia kwangu na halilipi kodi. Kile kitambaa nilikitoa kwenye ngumi kabla mtu hajaona, nikakitia mfukoni. Kimo ndani ya sanduku langu la bati, chini ya sare, sasa hivi ninapoandika.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Fakihi kaleta pilau, kakaa saa mbili, kaondoka bado ana hadithi.

Jumanne, 16 Aprili

Mama Demetria ameleta vitambaa vyeusi. Kumi na viwili, vimekunjwa pindo.

"Kitambaa kilibaki nilipojishonea gauni la msiba wa Gaspar," akasema. "Kikikaa bure kitaliwa na mende. Recho kasema vinatakiwa."

Nikamwambia asante. Nikavitia ndani ya mkoba, siyo ndani ya mkebe. Aliona.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimetuma ujumbe kwamba naumwa. Uongo wa tatu. Naona nimeanza kuuandika kama mahudhurio.

Jioni, kabla ya magharibi, alikuja na uji wa ulezi. Alinipapasa paji la uso. "Huna homa, mwanangu. Una jambo." Nikasema ni mvua. Akasema mvua haijawahi kumkondesha mtu.

Jumanne, 23 Aprili

Marudio. Wamekuwa hodari sasa, sitawasifia mbele yao. Nimegundua mama huyu anashika haraka kuliko wote. Nilikuwa nikimwona kama jeraha langu linalotembea. Leo nimemwona kama mwanamke wa miaka sitini na sita aliyepiga magoti kwenye sakafu ya saruji mara tano, akapangusa vumbi, akasema, "Tena."

Alhamisi, 25 Aprili

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi, mvua. Nilikuwa natoka kwangu kwenda kununua chapati. Lori la mchanga lilikuwa linashuka kutoka upande wa Bagamoyo. Nilisikia breki, kisha sauti ya vyuma, kisha kimya kifupi sana, kisha mayowe. Nikakimbia. Lori lilikuwa limekaa mshazari juu ya kijiwe, pikipiki tatu ziko chini yake, turubai la kijiwe la kuzuia mvua limening'inia kwenye kioo cha pembeni.

Recho alikuwa ameshasimama juu ya ndoo. "Anayeweza kutembea aje kwangu! Njooni huku!" Watu wanne wakamwendea wakichechemea. Mkebe wa biskuti ulikuwa kwapani mwake na anafunga kijani. Ningetaka kuandika kwamba nilijivunia, ila sikuwa pale. Mwili ulikuwa Bunju, mimi nilikuwa kule.

Isack alikuwa ameegemea nguzo ya umeme, mguu umepinda mahali pasipo goti. "Afande! Nakufa! Afande, usiniache!"

Nikaenda kwake.

Nauandika hivyo hivyo. Nikaenda kwake moja kwa moja, sikutazama kushoto wala kulia. Mguu ulikuwa umevunjika, damu haikuwa nyingi, alikuwa akilia kwa sauti ya kutosha kuamsha Bunju nzima. Njano. Mtoto wa darasa la nne angeona ni njano. Nikapiga goti, nikaushika mguu ule kwa mikono yote miwili nikiuambia, "Nipo, Revelian, nipo." Isack akaacha kulia kidogo akanitazama, hajui Revelian ni nani.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Demetria akinipita. Alikuwa na futi shingoni na uzi mwekundu umenata kwenye kanga. Hakukimbia, lakini hakusita pia. Alimpita Isack, akanipita mimi, akafika ukingoni mwa mtaro, akatumbukia. Maji yalimfika mapajani.

Fakihi alikuwa humo. Fakihi aliyekuwa haachi kuongea, amelala kifudifudi, uso umezama kwenye tope, jaketi lake la kung'aa ndilo pekee lililoonekana, na sote tuliokuwa juu tulidhani ni jaketi tu.

"Recho! Kichwa!" akaita Mama Demetria, na Recho akaruka naye. Walimgeuza kama nilivyowafundisha, kichwa na mwili kwa pamoja, wakamsogeza hadi kwenye ukingo wa tope gumu. Mama akazungushia kidole upindo wa kanga, akatoa tope mdomoni. Mkono kwenye paji. Vidole viwili chini ya kidevu. Akashusha sikio lake.

"Hesabu," akamwambia Recho.

Recho akahesabu kwa sauti, analia huku anahesabu. Kwenye saba Fakihi akakohoa. Akatapika maji machafu, akavuta pumzi yenye sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia na nzuri kuliko zote.

Mimi nilikuwa bado nimeshika mguu wa Isack. Mama Demetria, akiwa ndani ya mtaro, kidevu cha Fakihi kiko mkononi mwake, akainua macho akanitazama.

"Wewe umekwenda kwa anayelia," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeona kitu chini na anauliza ni cha nani.

Wote wako hospitali, wote wazima. Fakihi amevunjika mtulinga na kichwa kimepata mtikisiko. Hakuna aliyepitishwa polisi kwanza.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Alikuja saa nne asubuhi, mvua imepungua. Hakuja na chakula. Nikajua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, ambako wageni hukaa. Yeye siku zote hukaa jikoni. "Jana ulikwenda kwa anayelia. Mwalimu mwenyewe. Nimewaza mpaka asubuhi. Mtu hasahau somo lake mwenyewe bila sababu."

"Nilichanganyikiwa, mama."

"Ulimwita Isack jina la mtu mwingine. Kaniambia hospitali." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, hakuivaa tena. "Hilo la kuanza kwa aliyenyamaza, hukulisoma kitabuni. Unalisema kama mtu anayetubu. Nani alinyamaza, Tupo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hili miaka tisa. Nilikuwa na majibu mazuri, yenye maneno ya kitaalamu. Yote yalinikimbia. Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikatoa kile kitambaa nikakiweka mapajani mwake. Kisha nikamweleza. Foleni ya chai. Sufuria. Glavu iliyolowa. Kwamba sikupiga goti. Kidevu. Revelian. Mkono wa kushoto, ngumi ya kulia. Shavu. Sikuruka kitu, na sikusema "labda", kwa sababu labda ni yangu, siyo ya kumtwisha yeye.

Alikuwa anakigeuza kitambaa, anapapasa mafundo kwa kidole gumba. Mafundi hawawezi kushika nguo wasiipapase.

"Ulifunga mafundo mawili."

"Mawili, mama."

"Na moja limefunguliwa. La pili limevutwa likapita kiganjani."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alikitoa mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakiruka madimbwi kwa sababu hakuna shule.

"Basi alikataa," akasema. "Mwanangu alikataa, na hapakuwa na mtu wa kumsikia."

Nikalia. Nilikuwa sijalia tangu kule. Hakunigusa.

"Miaka tisa," akasema, "kila misa, namshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikutokea."

Akasimama. Alikikunja kitambaa mara nne akakitia kifuani, pale wanawake wa umri wake wanapoweka kitu kisichopotea. Mlangoni aligeuka.

"Afande, funga mlango. Mvua inaingia."

Afande. Huyu mama hajawahi kuniita hivyo nyumbani kwangu hata siku moja.

Jumapili, 28 Aprili

Misa ya kwanza hakuja. Sikuthubutu kuuliza.

Jumanne, 30 Aprili

Kibaraza kimefungwa. Watu wameacha mifuko ya nguo mlangoni. Somo hakuna, madereva nusu wako hospitali kuwatazama wenzao.

Ijumaa, 3 Mei

Kimefungwa. Nilibisha hodi. Cherehani ilikuwa inalia ndani, ikanyamaza, sikufunguliwa.

Jumamosi, 4 Mei

Redio inasema kimbunga kiko baharini, watu wasitoke. Upepo umeinua bati moja la jikoni. Nimekaa chini yake makusudi, nikisikiliza mvua ikipiga, mpaka ikawa mvua tu. Haikuwa ushujaa. Sikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Nimeandika barua kwa Revelian. Sijaituma bado. Yeye hana kosa, alilia kwa sababu aliumia. Lakini na ajue.

Alhamisi, 9 Mei

Fakihi ametoka, mkono kwenye tanga la kitambaa lililofungwa shingoni. Anamhadithia kila mtu alivyokufa. "Mie nilishafika kabisa, nikaona mlango, Bibi wa cherehani akanivuta sikio." Nilimwambia hakuvutwa sikio, aliinuliwa kidevu. "Afande, hadithi haitaki utaalamu," akanijibu. Kisha akaishusha sauti, jambo ambalo sikujua analiweza. "Ila kweli, kule mtaroni nilikuwa nawasikia nyote. Nasikia kabisa. Siwezi tu kusema."

Nikaomba radhi, nikaenda nyuma ya ofisi ya mtaa, nikarudi baada ya muda.

Jumanne, 14 Mei

Jua, la kwanza baada ya siku nyingi. Waliohudhuria ni kumi na watatu, pamoja na Isack na magongo yake.

Nilikuwa nimeanza kuita majina Mama Demetria aliposimama getini. Alikuwa amekonda. Kigoda hakuleta. Alileta mkebe wa biskuti, akauweka mezani, akaufungua. Kijani, njano, nyekundu, na nyeusi. Zile nyeusi nilizozificha kwenye mkoba sikuwahi kumrudishia, kwa hiyo hizi ni mpya. Alizishona zile siku mlango umefungwa. Kila moja ina kamba mbili, moja huku na moja huku.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Leo utafundisha ya nne." Akawageukia wanafunzi. "Nimeiweka kamba mbili kwa sababu hii haifungwi na mtu mmoja. Wa kwanza anapiga goti, anasikiliza, anashika kamba yake. Anamwita wa pili. Wa pili naye anapiga goti, anasikiliza mwenyewe, hamsikilizi mwenzake. Wakikubaliana ndipo wanafunga. Mmoja akikataa, haifungwi. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Bibi," wakasema.

"Hata kama kuna mtu analia huko?"

"Hata kama."

Katika miaka ishirini na moja ya jeshi sijapata kuona utaratibu huo kwenye mwongozo wowote. Vitani usingewezekana, pengine. Wasaidizi hawatoshi. Nilitaka kulisema hilo kisha nikaona ni ujinga.

Akavua kandambili, akalala chali kwenye mkeka, akajifunika kanga magotini, akafumba macho. Mdomo akauacha wazi kidogo.

"Nipime," akasema. Kisha akanyamaza kabisa.

Nilichukua kitambaa cheusi kwenye mkebe. Nilisimama juu yake na niliona kila kitu mara mbili, mkeka na matope, futi ya kupimia na sufuria. Fakihi akasema polepole, "Goti, afande," kama nilivyokuwa nikiwaambia wao.

Nikapiga goti. Mkono kwenye paji la uso wake, na lilikuwa na jasho. Vidole viwili chini ya kidevu. Nikashusha sikio. Moja. Mbili. Sikusikia kitu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kuliko mtu yeyote aliyewahi kulia mbele yangu. Tatu. Nikaanza kuinuka, mwili wenyewe ukaanza, kwa mazoea.

"Usiharakishe," akasema, macho yamefumba.

Hakuniita mwanangu. Hakuniita afande pia.

Nikarudi chini. Nikaanza upya, moja, mbili, tatu, nne, na kwenye tano ikaja, ndogo, ya joto, ikanigusa shavuni. Nikaingoja nyingine. Ikaja. Nikangoja mpaka kumi, kisha nikaendelea kungoja, na hakuna mtu kwenye baraza ile aliyenihimiza.

Fakihi alipiga goti upande wa pili, mkono mmoja kwenye tanga. Sheria inataka wawili. Kabla hajainama nikapaza sauti, ili wa nyuma wasikie.

"Mama Gaspar anapumua."